Kifaa Kisemacho Nyumbani: Chenye Kioo au Kisicho na Kioo?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio na macho na moyo wa kufahamu. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kupima vitabu, mashairi, na desturi zinazoingia majumbani mwetu, tukatazama lipi la kufuatwa na lipi la kuachwa. Leo nakuomba tupime kitu ambacho si kitabu wala si shairi, lakini kinasema kama mtu na kinakaa ndani ya nyumba kama mgeni. Nacho ni ile spika ndogo inayounganishwa na intaneti, ambayo mtu huiita kwa jina, akaiuliza jambo, nayo ikamjibu.

Spika hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza ina sauti peke yake. Namna ya pili ina sauti na kioo, yaani kioo kama cha simu au cha televisheni ndogo, kinachoonyesha maandishi na picha. Na aghlabu juu ya kioo hicho pana kamera. Wanunuzi wanaulizana: ipi iliyo bora? Mimi sikulitafuta swali hili. Lilinijia mlangoni, likaletwa na mtu ninayempenda, kwa ajili ya mtu ninayemheshimu.

Jinsi swali lilivyonijia

Mimi nasomesha chuo hapa Vingunguti, mjini Dar es Salaam, upande wa kuelekea machinjioni, mahali ambapo nyumba zimegusana mabati, na jirani akikohoa usiku asubuhi hupewa pole. Siku moja baada ya swala ya Alasiri alinijia kijana niliyemsomesha tangu alifu na bee. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, na anafanya kazi Muscat. Alikuwa amekuja kumtazama mama yake, ambaye ni mjane, umri umemwendea, na macho yake yameingia ukungu. Anaishi na mjukuu wa kike anayesoma shule ya msingi. Kijana yule alishika maboksi mawili.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Nimemletea mama spika za kuzungumza nazo. Hii ina kioo, hii haina. Moja nitamwachia, nyingine nitarudi nayo. Mimi naona nimwachie yenye kioo, kwa sababu naweza kumwona wakati wowote hata kama hakupokea. Inafunguka yenyewe. Nikiwa kazini nachungulia tu, nikiona yu salama, basi. Lakini mke wangu kaniambia nikuulize wewe kwanza."

Neno lile "nachungulia" lilinikaa masikioni. Nikamwomba azifunge zote mbili nyumbani kwa mama yake kwa siku chache, na mimi nitakuja kuzisikia na kuzitazama. Nikafanya hivyo, tena nikawauliza wanaojua mambo haya kuliko mimi. Ninayokueleza ni matokeo yake.

Sauti ilitangulia kuingia

Watu wa pwani hawakuanza jana kukaa na sauti isiyo na mwili. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, na sauti ile ikaingia katika nyumba ambazo mwenyewe hakupata kuzikanyaga. Mwaka 1951 ikaanza idhaa ya redio hapa Dar es Salaam. Sisi tuliokua katika miaka ya 1970 tulilelewa na Radio Tanzania. Khabari ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani tuliisubiri tumeizunguka redio moja mtaa mzima. Na mwaka 1961 Misri ilipotoa Qur'ani nzima kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, maneno ya Mwenyezi Mungu yakaanza kusikika kwa sahani, kisha kwa kanda, katika nyumba za watu wasiokuwa na msomaji.

Picha ilichelewa. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, na ya rangi. Huku bara tulikaa mpaka mwaka 1994. Kwa miaka ishirini na zaidi bahari ndogo hii ilitenganisha watu wenye picha na watu wenye sauti tu. Sisemi kwamba sisi wa sauti tulikuwa watu wema zaidi, waliotujua watashuhudia. Lakini jambo moja niliona kwa macho yangu. Redio ilipokuwa ikisema, mama aliendelea kukuna nazi, baba aliendelea kushona viatu, na mtoto aliendelea kuosha vyombo. Sikio lilisikiliza na mkono ukafanya kazi. Televisheni ilipokuja, ilimtaka kila mtu akae na aielekee. Mkuna nazi akaiacha mbuzi yake.

Basi tofauti ya kwanza ni hii: sauti humfuata mtu kwenye kazi yake, na picha humwita mtu aiache. Katika nyumba ya bibi yule niliyaona hayo kwa siku ya kwanza tu. Spika isiyo na kioo, mjukuu aliiuliza jambo huku anachambua mchele. Spika yenye kioo, mchele ulikaa ungoni na mtoto alikaa mbele ya kioo, na lile alilokusudia kuuliza hakuliuliza tena.

Haki ya kioo

Lakini mpima haki hapimi upande mmoja. Kioo kina faida zake, na nitakuhesabia.

Kwanza, sauti hupita. Ukiuliza jambo lenye jibu moja, kwa mfano saa ngapi sasa, sauti yatosha. Ukiuliza jambo lenye majibu kumi, kama vitu vya kutia katika pilau, likifika la saba la kwanza umelisahau. Kioo hukaa, nawe ukarudi kukitazama.

Pili, lugha. Spika zile mbili hazikujua Kiswahili. Bibi alisema nayo kwa upole kama anavyosema na mgeni, nayo ikanyamaza. Mjukuu ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa Kiingereza chake cha shule. Tangu mwaka 2021 watu wa Saudia na wa Falme za Kiarabu wanauziwa spika ya Amazon inayojua Kiarabu. Na Kiswahili si kwamba mashine haikiwezi, kwani tangu mwaka 2017 Google iliwawezesha watu kuandika Kiswahili katika simu kwa kusema. Hiyo ni lugha yetu, ambayo UNESCO mwaka huo huo wa 2021 iliitengea tarehe 7 Julai iwe siku yake duniani. Sasa, mahali ambapo spika haijui lugha yako, ile isiyo na kioo hukufungia mlango kabisa. Lakini yenye kioo waweza kugusa picha kwa kidole, ukapata haja yako. Hii ni faida kubwa, kwa mwenye macho.

Tatu, sitara ya swali. Hili sikulifikiri mpaka nilipoambiwa na mke wangu. Alisema, "Mwanamke akitaka kuuliza jambo la tohara yake, kile kidude kitamjibu kwa sauti mbele ya mashemeji?" Kweli. Sauti haina pazia. Nyumba zetu ni za vyumba vilivyopakana, na jibu la spika husikika mpaka uani. Kioo chaweza kujibu kimya.

Nne, sanad. Sisi wanafunzi wa vyuo tumefundishwa kuuliza: umelipokea kwa nani? Nilimwambia mjukuu aiulize spika wakati wa Alasiri. Ikataja saa moja tu, kwa sauti ya kujiamini, wala haikusema imehesabu kwa madhehebu gani. Nawe wajua kwamba sisi Mashafi huihesabu Alasiri inapoingia tangu kivuli cha kitu kinapolingana na kitu chenyewe, pamoja na kile kivuli cha adhuhuri. Na Mahanafi wengi huhesabu mara mbili ya kitu. Hapa Dar es Salaam baina ya hesabu hizo mbili pana karibu saa nzima. Spika yenye kioo ilionyesha chini, kwa maandishi madogo, ilikolitoa jibu lake. Wangapi watayasoma? Wachache. Lakini yapo, na mwenye kutaka kuuliza ana pa kuanzia. Sauti tupu hukupa fat'wa bila ya kukupa jina la mufti.

Tano, wako waja wa Mwenyezi Mungu wasiosikia. Jirani yetu Buguruni iko shule ya viziwi, nao ni watoto wetu. Kwao wao spika isiyo na kioo ni kama mawe. Anayesema kwamba sauti ni bora kwa watu wote amewasahau hao. Na anayesema kioo ni bora kwa watu wote amewasahau vipofu. Mtume s.a.w. alikuwa na mwadhini kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, ambaye kwa sababu yake iliteremka Suratu Abasa. Alikuwa hajui alfajiri imeingia mpaka aambiwe na wenye macho. Kisha yeye, kwa sauti yake, akawajulisha wenye macho wote. Jicho na sikio vilipokezana kazi, na hapana kilichodharauliwa.

Mdomo wa mwalimu

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalijui, na mimi nalijua kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Baadhi ya wazazi wameniuliza kama spika hizi zaweza kusomesha watoto Qur'ani. Zaweza kuwasikilizisha, na kusikiliza ni nusu ya kazi. Lakini iko hukumu katika tajwidi inayoitwa ishmamu. Katika Suratu Yusuf, aya ya 11, ndugu zake Yusuf wanapomwuliza baba yao kwa nini hamwamini juu ya ndugu yao, msomaji hukusanya midomo yake kama anayetaka kutamka dhumma, wala sauti ya dhumma haitoki. Wanavyuoni wamesema kwamba ishmamu hujulikana kwa mwenye macho, wala hajui kipofu, kwa maana ni kitu cha kuonwa na si cha kusikiwa. Mwanafunzi huipata kwa kuutazama mdomo wa mwalimu wake.

Basi spika ya sauti tupu haitakufundisha ishmamu hata ikikusomea mara elfu. Je, yenye kioo itakufundisha? Ile niliyoiona ilipoulizwa Suratu Yusuf ilionyesha picha ya msikiti mzuri na maua. Mdomo haukuwapo. Kioo kilikuwa na nafasi ya kuonyesha lile ambalo sauti hailiwezi, kikaitumia nafasi hiyo kwa pambo. Na huu ndio upungufu ninaouona katika vioo vingi: hutiliwa picha kwa kuwa kioo kipo, si kwa kuwa jambo linataka picha.

Ila nikiri jambo moja. Wako walimu wenzangu wanaosomesha watoto wa Kiswahili walioko Oman na Uingereza kwa njia ya video. Mwalimu auona mdomo wa mtoto, na mtoto auona wa mwalimu, kwa saa iliyoagizwa, na mzazi anajua. Hapo kioo kinafanya kazi yake hasa. Kwa hiyo sikichukii kioo. Nauliza kinafunguliwa na nani, na kwa hodi gani.

Hodi

Sasa tufike penye kiini, ndugu msomaji. Kioo na kamera ni vitu viwili, ingawa huuzwa pamoja. Google walipotoa spika yao ya kwanza yenye kioo mwaka 2018 hawakuitia kamera. Amazon walitia kamera tangu ya kwanza, mwaka 2017, na pamoja nayo huduma ambayo kwayo mtu aliyekwisha kupewa idhini hujiunga na kifaa cha mwenzake bila ya mwenzake kupokea. Sauti hufunguka, na picha nayo hufunguka. Kwa sekunde chache za mwanzo picha huwa na ukungu, kisha hutakata. Sekunde hizo ndizo hodi yake. Na idhini, katika khabari yetu hii, ni nani aliyeitoa? Ni mwana, kwa simu yake, akijipa mwenyewe. Mama hakujua kwamba pana kitu alichokiruhusu.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 27, ametukataza kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu waliomo. Na katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo amezitaja nyakati tatu za faragha: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa joto la mchana watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Katika nyakati hizo hata watoto wadogo wa nyumba wameamrishwa waombe ruhusa. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni katika nyumba ya Mtume s.a.w., naye Mtume akamkemea kwa ukali sana, akabainisha kwamba amri ya kuomba ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho.

Huenda kijana akasema, "Lakini huyu ni mama yangu." Naam, na hilo nalo limekwisha kujibiwa. Imamu Malik katika Muwatta amepokea kwamba mtu alimwuliza Mtume s.a.w. kama aombe ruhusa anapotaka kuingia kwa mama yake, akaambiwa ndiyo. Akasema anakaa naye nyumba moja. Akaambiwa aombe ruhusa. Akasema yeye ndiye anayemhudumia. Akaambiwa aombe ruhusa, kisha akaulizwa kama angependa kumwona mama yake akiwa uchi. Mtu yule akasema hapana. Tazama, msomaji, jinsi kila udhuru wa kijana wetu ulivyotangulia kuletwa na kukataliwa miaka elfu moja na mia nne iliyopita: ni mama yangu, ni nyumba moja, ni mimi ninayemtunza.

Nilimweleza haya kijana, naye hakunibishia kwa jeuri. Alisema neno la kweli. "Maalim, sitaki kumwona uchi. Naogopa ataanguka, na mtu asijue. Mimi niko mbali." Akainamisha uso. Na mimi nakuambia, msomaji, usimdharau kijana huyo. Hofu ile ni mapenzi, na waliozikwa wazazi wao wao wakiwa ugenini wanaijua.

Lakini sharia haikuiacha hofu hiyo bila ya njia. Mafakihi wamesema kwamba moto ukiwaka, au mwizi akiingia, mtu huingia bila ya hodi. Dharura ina hukumu yake. Na kwa siku za kawaida, adabu ni kubisha mara tatu. Nikamwambia, "Mpigie mama yako kwa sauti, saa unazojua yu macho. Asipoitika piga mara ya pili, kisha ya tatu. Asipoitika, mpigie jirani. Hapa Vingunguti ukuta wa mama yako ni ukuta wa mtu mwingine. Atafika kabla ya wewe hujamaliza kutazama picha. Wewe ukimwona mama yako ameanguka kutoka Muscat, utamwinua kwa kioo?"

Sikio nalo lina hesabu yake

Usije ukadhani, msomaji, kwamba nimeitakasa spika isiyo na kioo. Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumeonywa kwamba sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Wafasiri wamezungumza kwa nini kusikia hutajwa kabla ya kuona katika aya nyingi, na wako waliosema kwamba kusikia ni bora kwa kuwa ndiko kunakopokea ujumbe, na wako waliosema kinyume. Lililo wazi ni kwamba sikio halikusamehewa. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana, na mpelelezi wa kusikiliza ni mpelelezi.

Spika hizi, zote mbili, hukaa zikisubiri kuitwa jina, na kwa hiyo sikio lao li wazi. Zikidhani zimeitwa, hurekodi maneno na kuyapeleka mbali kwenye mitambo ya kampuni. Mwaka 2019 ilidhihirika kwamba wako watu walioajiriwa kusikiliza baadhi ya sauti hizo ili kuisahihisha mashine, na Amazon, Google na Apple, wote lilikuwa jambo lao. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 katika kesi ya serikali ya Marekani juu ya kuweka sauti za watoto. Na tarehe 28 Machi 2025 kampuni hiyo iliondoa hiari waliyokuwa nayo baadhi ya wenye spika zake huko Marekani, ya kutoipeleka sauti nje ya kifaa. Hapa kwetu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ni vyema watu waijue. Lakini sheria haikai sebuleni kwako. Anayekaa sebuleni ni wewe.

Basi nasema: isiyo na kioo ina aibu moja, nayo ni sikio. Yenye kioo na kamera ina aibu mbili, sikio na jicho. Na vitu viwili vikiwa na madhara, mwenye akili huchagua lililo dogo, kisha akalipunguza: hukizima kifaa wakati wa faragha na wakati wa mazungumzo ya siri, na hakiweki katika chumba cha kulala abadan. Zaidi ya hayo kwa nyumba zetu liko la matumizi: video hula bando kuliko sauti, na LUKU haikungojei.

Alilosema mwenye nyumba

Siku ya tatu nikagundua kwamba tumekosea jambo la wazi. Mimi na kijana tulikwisha kuzungumza mengi, na mke wake amesema, na mke wangu amesema. Aliyekuwa hajaulizwa ni bibi mwenyewe.

Tukamwendea. Nikabisha hodi, akatukaribisha. Alikuwa amekaa mkekani, spika isiyo na kioo ikimsomea Suratu Maryam. Akamwambia mjukuu aizime, kwa kuwa haifai Qur'ani isomwe na watu wazungumze. Nikamweleza khabari ya vifaa viwili, kwa ufupi, pamoja na ile kamera inayofunguka yenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kwa hiyo mimi sitakuona, wewe utaniona?"

"Ndiyo, mama. Kwa kuwa macho yako..."

"Basi hicho kioo si changu. Ni chako. Usiseme umeniletea mimi."

Kijana hakupata la kujibu. Bibi akaendelea bila ya hasira. "Nipigie nisikie sauti yako. Sauti yako naijua ikiwa umekula na ikiwa hujala. Na ukitaka kuniona, njoo."

Kisha akasema neno ambalo mimi mwalimu wa miaka mingi lilinitia haya, maana lilipasa kutoka kwangu kwanza. "Haya macho, hapana dawa? Mmekaa siku tatu mnazungumza kioo."

Ndugu msomaji, tulimpeleka hospitali wiki ile ile. Ukungu wake ulikuwa mtoto wa jicho, maradhi ambayo aghlabu hutibiwa kwa operesheni: hutolewa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, ikatiwa nyingine ya kutengenezwa. Kijana aliiuza ile spika yenye kioo kwa mtu wa Kariakoo, fedha zake zikaingia katika matibabu. Ile isiyo na kioo ikabaki. Bibi amefanyiwa jicho moja, la pili linangojea. Jicho lile lilipofunguliwa, wa kwanza aliyemwona ni mjukuu wake, akamwambia amekonda.

Naye sasa ananiambia, kwa mzaha au si kwa mzaha, kwamba mwanawe akirudi amletee kile kioo, apate kuwaona wajukuu wa Muscat. Lakini kiwe na kifuniko cha kamera, na kifuniko afunge na afungue yeye. Mimi sikuona cha kumpinga. Alipokuwa haoni, kioo kilikuwa tundu la kumchungulia. Akiona, na ufunguo ukiwa mkononi mwake, kimekuwa dirisha.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi iliyo bora, nakujibu hivi. Kwa nyumba zetu nyingi, sauti yatosha, na ni salama zaidi. Mwenye haja ya kioo kwa sababu ya masikio, au ya masomo, au ya kuona nyuso za walio mbali, na achukue kisicho na kamera, au chenye kamera yenye kifuniko, akiweke sebuleni. Lakini kabla ya hayo yote, muulize mwenye nyumba. Na ukiwa wewe ndiye uliye mbali unayemtumia mzazi wako kifaa, jiulize hicho ulichonunua kinamwondolea yeye upweke, au kinakuondolea wewe wasiwasi. Yote mawili ni haja, lakini usiite zawadi yake kile kilicho haja yako.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwatunza wazazi wetu wakiwa hai, na awarehemu waliotangulia. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq.